Kifuniko Chenye Jina la Mkubwa

Butembo, 12 Februari 2024

Éphraïm,

Kabla mtambo wetu wa kutoa makombora haujapakiwa katika lori la kwenda Beni, tukubaliane juu ya maana ya maneno matatu. Kuongoza kwa mbali si kushika kifaa chenye vifungo na kutazama magurudumu yakizunguka. Ni kuweka, kati ya mkono unaoamuru na kitu kinachoguswa, nafasi ambayo madhara ya kitu hicho hayawezi kuivuka. Nafasi hiyo ikikosekana, hata vifungo vikiwa vingi namna gani, kinachobaki ni mtu anayetembea na gari la kuchezea kuelekea bomu. Andika maana hii kwenye ubao wa karakana ya Beni siku ya kwanza, kabla hujafungua sanduku.

Kifuniko cha juu tulikikata katika bidoni ya njano ya mafuta ya kupikia. Hatukufanya hivyo kwa umaskini. Antene imelala chini yake. Plastiki huzuia mvua na kuacha mawimbi ya redio yapite. Wenzako waliouita mtambo wetu "Bidoni" wacheke wanavyotaka. Kwenye uwanja wa shule ulikusikia kutoka goli moja hadi la pili, kisha hadi nyuma ya ukuta wa parokia, ulipokuwa huuoni tena ila kwa kamera. Huo ndio umbali wako wa kazi. Usiupunguze kwa heshima ya mtu yeyote.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ahadi za simu hukanwa kesho yake, na kwa Kiswahili kwa sababu mama yako ameomba asomewe kila barua, zako na zangu. Nimemkubalia. Dereva Ésaïe hushuka Beni kila juma. Mpe jibu lako.

Emérence Kahongya,
mwalimu wa elektroniki


Beni, komini ya Beu, 21 Februari 2024

Madame,

Tulifika salama, mimi na Bidoni. Mama mudogo Tamar amenipa chumba. Anakushukuru, anasema wasingya kwa sabuni uliyomtumia.

Uzinduzi ulifanyika mbele ya ofisi. Kulikuwa na fanfare ya tarumbeta, utepe, na viti vya plastiki vya wakubwa. Ofisi imebatiza mtambo jina jipya, "Ngao ya Amani," na kifuniko wamekipendezesha kidogo. Nilipouamuru uinue jiwe na kulitia katika shimo, mama mmoja alipiga kelele: "Angalieni, kitu haina roho lakini inasikia kuliko bwana yangu!" Watu walicheka mpaka fanfare ikasimama.

Tangu siku ile tumetoa makombora mawili ya zamani: moja kando ya shule, moja katika bustani ya mihogo. Inayofuata ni njia ya Kamango, na hapo ndipo moyo wangu uko. Kwenye mlango wa shamba la kakao la mama mudogo kuna kombora lililobaki tangu mapigano. Amelizungushia miiba. Kakao inaivia mtini na kuoza, naye hathubutu kupita.

Kitu kimoja kidogo: mtambo umekuwa mzito wa kusikia. Pengine ni batri, ama joto ya huku. Unafikiri namna gani?

Mwanafunzi wako,
Éphraïm


Butembo, 27 Februari 2024

Éphraïm,

"Mzito wa kusikia" si kipimo. Mgonjwa asemapo anaumwa, daktari huuliza wapi na tangu lini. Mtambo unaacha kukusikia ukiwa umbali gani? Katika uwanja wazi au nyuma ya ukuta? Batri mpya inabadilisha jambo? Ikiwa ulilehemu upya waya wa antene bila kuniambia, sema sasa. Nakumbuka jinsi ulivyolehemu ule wa kwanza, kama mtu anayebandika udongo ukutani.

Tena, "kupendezesha kidogo" ni nini? Ikiwa ni rangi ya kawaida, haidhuru. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapaswi kuniandikia kwa maneno ya muuza vitambaa.

Hadi nipate jibu, usiende njia ya Kamango. Mama mudogo wako atanisamehe.

Emérence Kahongya


Beni, 9 Machi 2024

Madame Mwalimu,

Sisi hatujaonana. Mimi ni Étienne, msimamizi wa huduma ya usalama wa raia katika ofisi yetu ya hapa Beni, mtu wa Kananga niliyeletwa huku na kazi ya Serikali. Naandika Kiswahili kwa msaada wa katibu wangu Gaëlle, kwa kuwa nimeambiwa ndiyo desturi yenu na wazazi.

Nia yangu ni kushukuru. Mtambo wenu umeipa ofisi yetu heshima ambayo haikuwa nayo. Kijana Éphraïm amewashangaza wote kwa ushujaa: anatembea hatua chache nyuma ya mtambo, kama mchungaji na ng'ombe wake, hadi penye kombora lenyewe, na hatetemeki. Raia wanampigia makofi. Wageni wa mashirika wamepiga picha nyingi.

Mtasamehe pia kwamba tuliondoa ile bidoni. Haikufaa kuwaonyesha wakubwa chombo cha mafuta ya kupikia. Tumeweka kifuniko kizuri cha bati, kilichokunjwa vizuri kila upande, chenye jina la mkubwa aliyezindua, kwa herufi za kuchonga. Ninyi mlitengeneza mwili, sisi tumeuvisha.

Pokeeni heshima zangu,
Étienne


Butembo, 11 Machi 2024

Bwana Étienne,

Barua yako ya shukrani nimeisoma mara mbili mbele ya mama wa Éphraïm. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili nilimweleza.

Antene ya mtambo iko chini ya kifuniko. Mwili wa mtambo ni chuma. Mlipoweka bati juu, mlifunga sikio la mtambo ndani ya sanduku la chuma, na mawimbi ya redio hayapiti katika chuma. Kinachoponyoka katika nyufa kinatosha hatua chache tu. Kwa hiyo kijana hatembei nyuma ya mtambo kwa ushujaa. Anatembea hapo kwa sababu jina la mkubwa wenu limemwita hapo. Umbali wote tulioutafuta kwa miaka miwili ninyi mmeula kwa herufi za kuchonga, kisha mkaupigia makofi upungufu wake.

Ikiwa huniamini, chukua redio ndogo, iwashe, itie katika sufuria na uifunike kwa mfuniko wa chuma. Sikiliza kinachompata mtangazaji. Kisha ng'oa bati hilo. Mkitaka jina, liandikeni kwa rangi kwenye gurudumu.

Naomba jibu kwa dereva huyuhuyu.

Emérence Kahongya


Butembo, 11 Machi 2024

Éphraïm,

Simama. Usiguse vifungo tena mpaka bati liondoke. Ulijua sababu, mwanafunzi wangu hawezi kutoijua. Nilikuuliza umbali nawe ukanyamaza. Kwa nini?

E. K.


Beu, 16 Machi 2024

Madame,

Nilijua. Siku ileile ya uzinduzi nilimwambia Chef Étienne mbele ya watu wake. Nakuandikia maneno kama yalivyosemwa, usije ukafikiri ninayapamba:

"Chef, tukiweka manjanja hapa, hii bati, mashini haitasikia."

"Petit, mashini ni ya kusikia, ama ni ya kuonekana?"

"Ya kusikia, Chef."

"Basi sogea karibu, itakusikia."

Walicheka. Polisi mmoja aliongeza: "Batoto ya Butembo! Biashara banajua, lakini woga nayo banauzisha." Madame, hapa mtu wa Butembo akirudi nyuma hatua moja, wanasema amekwenda kuhesabu duka lake. Nikasogea. Kombora la kwanza lilitoka vizuri. La pili nililitoa nikiwa nimelala chini, uso katika majani ya mihogo, nikisikia chuma cha mkono wa mtambo kikisugua chuma cha kombora. Sikukuandikia hilo kwa sababu ungeuita mtambo urudi, na shamba la mama mudogo lingebaki na miiba yake mwaka mwingine. Nilijiambia: nitoe na hilo moja tu, kisha nitamwambia Madame kila kitu.

Tafadhali, mahali hapo usimsomee mama.

Éphraïm


Beni, 25 Machi 2024

Madame Mwalimu,

Tumefanya jaribio lenu kwa nia njema. Redio hatukuwa nayo, hivyo tulitumia simu ya Gaëlle. Tuliitia katika sufuria ya mama anayetupikia, tukafunika, tukapiga. Iliita vizuri kabisa, na wimbo wake wote. Mama mpishi alisema, "Hata sufuria yangu inapenda ndombolo." Tulicheka sana, nakiri, hata mimi.

Juu ya bati, hali ni hii: kifuniko kilizinduliwa rasmi. Kitu kilichozinduliwa na mkubwa hakiondolewi na mdogo wake. Nimeandika kuomba ruhusa. Mkubwa yuko Kinshasa na jibu litakuja kwa wakati wake. Kazi haiwezi kungoja. Tarehe tatu ya mwezi ujao tunakwenda njia ya Kamango, pamoja na wageni.

Étienne


Butembo, 29 Machi 2024

Bwana Étienne,

Simu ya Gaëlle inasikiliza mnara mkubwa uliosimama juu ya kilima. Mtambo unasikiliza kisanduku kinachobebwa mfukoni. Apigaye kelele husikika hata mlango ukifungwa, anong'onaye hasikiki. Mmejaribu kitu kingine, mkacheka, mkaita kicheko ushahidi.

Unaniambia kwamba anayeweza kuondoa bati yuko Kinshasa. Anayekufa kwa bati hilo yuko Beni. Sijaomba heshima ya mtu ipunguzwe. Nimeomba skurubu nne zifunguliwe. Ofisi inayoweza kumpeleka mtoto wa mtu penye kombora bila ruhusa ya Kinshasa, lakini haiwezi kufungua skurubu bila ruhusa hiyo, imetuambia wazi kipi kati ya vitu viwili inakitunza.

Tarehe tatu, kijana asiende. Nakuandikia kama mwenye mtambo, na mama yake anaandika pamoja nami. Alama ya kidole gumba hapa chini ni yake.

Emérence Kahongya


Beni, katika kasho, 6 Aprili 2024

Madame,

Barua hii inatoka humu kizuizini na mama mudogo, ndani ya kitambaa cha bugali. Amenipa kalamu kwa njia hiyohiyo.

Nilikwenda. Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Tulifika kwenye shamba asubuhi. Chef alikuwa akiwapanga wageni chini ya kivuli kwa ajili ya picha. Nilichukua turnavisi nikafungua zile skurubu. Mama mudogo alikata bidoni yake ya maji kwa panga, tukaifunga juu kwa mipira ya piki. Kisha nilikwenda nyuma ya ukuta wa nyumba ya kukaushia kakao, mbali, nikauita mtambo, nao ukasikia. Madame, ulisikia kama siku ile ya parokia. Niliona kila kitu katika kamera: miiba, nyasi, mgongo wa kombora. Mkono ulilishika. Ulilivuta kidogo kuelekea shimo.

Likapasuka.

Hakuna aliyeumia. Wageni walikuwa wamelala chini wote, na kofia zao. Bidoni haipo tena. Nimepata gurudumu moja katika mti wa kakao. Mama mudogo alikaa chini katika njia, akaanza kucheka na kulia pamoja. Mahali ambapo ningesimama siku zile nyingine, sasa kuna shimo ambalo mtu anaweza kusimama ndani mpaka kiunoni.

Chef alikuja akiwa na majani katika nywele. Hakutazama shimo. Alitazama bati mikononi mwangu.

"Petit, unajua hili jina ni la nani?"

"Ninajua, Chef. Ndiyo maana sikulipeleka kwenye bomu."

Hilo ndilo kosa langu. Wanasema nimevunja alama ya Serikali na kuharibu mali ya ofisi. Mama mudogo amekwisha kuvuna mistari miwili. Mwambie mama kwamba ninakula vizuri.

Éphraïm


Beni, 13 Aprili 2024

Madame Mwalimu,

Mambo haya yananisikitisha, na natafuta njia ya upole. Mimi pia ni baba.

Mtambo umeharibika ukiwa hauna kifuniko rasmi. Wakubwa wanauliza: ulilipuka kwa sababu ya kombora, ama kwa sababu kijana aliufungua? Ninyi mnajua jibu la kweli, mimi pia ninalijua. Lakini swali lao linahitaji karatasi. Nimewaandikia ninyi sentensi moja tu ya kutia sahihi: "Mimi, mtengenezaji wa mtambo, nathibitisha kwamba kifuniko cha chuma hakipunguzi usikivu wake, na kwamba mwanafunzi wangu alikiondoa kwa kutojua." Kwa karatasi hiyo, kijana ni mtoto aliyekosea, naye atatoka siku hiyohiyo. Bila hiyo, Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na huko mimi sina tena sauti.

Msiwe na hofu juu ya kazi yenyewe. Michoro yenu tunayo. Karakana moja ya hapa inatengeneza mtambo wa pili, na mara hii kifuniko ni chuma kinene zaidi, ili kisiondolewe ovyo. Karatasi yenu itatundikwa hapo kama maelekezo kwa mafundi. Muongozaji tumempata: Manassé, fundi wa piki wa Beu, kijana hodari, haogopi kusogea.

Étienne


Butembo, 18 Aprili 2024

Éphraïm,

Mama mudogo wako atakusomea barua hii dirishani, kwa sauti ndogo, kwa kuwa karatasi hazikufikii tena. Msamehe akikosea maneno marefu, nimejaribu kutoyaweka.

Karatasi ya Bwana Étienne iko mezani kwangu. Mama yako alikuja jana kutoka misa. Nilimsomea yote, hata ule mstari wa mihogo ulioniomba niuruke, kwa sababu sikuona tena haki ya kumchagulia anachoweza kubeba. Kisha akasema: "Madame, kalamu ni yako, lakini mutoto ni wangu. Andika atoke." Hakukuwa na kosa katika sentensi yake.

Nimefikiri kutia sahihi, kisha kuandika ukweli mahali pengine, kwa wale wageni wa picha, kwa redio za hapa, kwa kila mtu. Haifai. Mwalimu mwenye sahihi mbili zinazopingana hana hata moja, na ile itakayotundikwa karakanani ndiyo itakayosomwa na fundi mwenye kuchomelea. Nimefikiri pia kukataa na kuja Beni kusimama mbele ya mwendesha mashtaka na sufuria na redio. Nitafanya hivyo ikibidi. Lakini nimeona jinsi watu wenye mamlaka wanavyofanya jaribio, na kesi zinavyochelewa. Wewe ungekaa hapo mpaka kakao ichanue tena.

Sikuulizi unataka nini. Ninajua ungejibu nisitie sahihi, na jibu hilo ni la kijana aliyeitwa mwoga mbele ya watu. Silikubali kama hoja, ingawa nalistahi.

Hasira yangu sikufichi. Wamechukua kitu sahihi wakakifanya kibaya, wakamtia kasho aliyekisahihisha, na sasa wanataka mkono wangu mwenyewe uandike kwamba ubaya ndio usahihi. Wananiwekea uhuru wako upande mmoja wa mizani, na upande wa pili mtu nisiyemjua, wakitumaini kwamba nisiyemjua hana uzito.

Basi nilitaka kumjua. Nilimwomba Tamar aende kwenye kibanda cha Manassé, amweleze habari ya bati na shimo la shambani kwake, bila kuongeza wala kupunguza. Alikwenda. Manassé alikuwa chini ya piki, mikono ina mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza mtambo wa pili utakuwa na moteri gani. Kisha akasema: "Mama, nimesikia vizuri. Lakini kazi ni kazi. Bomu iko na siku ya kukosa mutu, njaa haikose." Akarudi chini ya piki yake.

Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba hajui. Bwana Étienne angesema kwamba yamekwisha: mtu ameelezwa, naye amekubali, nani mimi nimkatalie. Mama yako angesema hivyohivyo, na ana sababu bora kuliko ya Étienne. Nimeishika kalamu tangu asubuhi, na kila mara hoja yangu inasimama mahali pamoja. Mtu aliyekubali kwa sababu hakuwekewa kitu kingine cha kukubali, je, ameulizwa?

Emérence Kahongya